Miche Iliyoota Jalalani

Shija mwanangu,

Nakuandikia ungali hapa hapa nyumbani, na baba yako amenicheka kwa hilo. "Mtoto yuko uani anaanua nguo," amesema, "na wewe unamwandikia barua kama yuko Ulaya." Mwache acheke. Yapo maneno ambayo kila nikiyaanza kwa mdomo huyakatiza katikati, nikaingia jikoni kukoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. Kwenye karatasi sina jiko la kukimbilia. Isome kesho ndani ya gari la moshi, mkishapita stesheni ya Tura, watu wakishaacha kugombania mahali pa kuweka mizigo.

Mambo ya sabuni, ya kanga, ya kutembea na nauli ya akiba, sitayarudia. Nimeyasema tangu siku ulipopata nafasi ya chuo cha uuguzi, na siku hizi naona unanimalizia sentensi. Nataka kukueleza habari za miaka ile uliyokaa Kwihara kwa bibi yako mzaa baba. Wewe unazijua kwa vipande, kila mtu amekupa chake. Mimi ndiye niliyekuwepo mwanzo na mwisho, na sijawahi kukaa nikakuhadithia yote.

Jina lako linasema ulikuja baada ya mapacha. Kulwa na Doto waliishi msimu mmoja wa mvua. Homa ilimchukua mmoja, kisha mwenzake, kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Zahanati ilikuwa mbali na mto ulikuwa umejaa. Baba yako alikuwa porini kwenye mizinga yake ya nyuki, hakujua lolote mpaka aliporudi na madebe ya asali mabegani na kuniona nimekaa mlangoni peke yangu. Sikulia sana wakati ule. Machozi yalikataa. Nikaja kusikia baadaye kwamba hata hilo watu walilisema.

Kisha ukazaliwa wewe, mdogo, miguu kama vijiti vya kiberiti. Ulinyonya vizuri lakini hukunenepa. Ulipoacha ziwa ulianza kurudi nyuma, leo tumbo, kesho kikohozi, na kila aliyekuja kukuona alikuangalia wewe mara moja, halafu akaniangalia mimi kwa muda mrefu.

Bibi yako hakuja kwa shari. Alikuja na kuku na unga wa ulezi, akakupika uji mwenyewe, akakulisha. Ulipolala akavuta kigoda karibu nami, akasema kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie:

"Mama Shija, mimi nimezaa, nimelea, na nimezika. Haya nayajua. Wapo wanawake wenye mkono wa kukuza, na wapo ambao mkono wao haukuzi. Si kosa lako. Nipe mtoto nimpeleke Kwihara mpaka apate nguvu."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka apate nguvu."

Nikakutoa. Hakuninyang'anya, Shija, usije ukamwekea kinyongo. Nilikutoa kwa sababu nilimwamini. Nilikaa siku nyingi nikiitazama mikono yangu miwili, wa kulia na wa kushoto, nikijiuliza lini iliharibika. Baba yako alitengeneza mzinga mpya, akautundika, akaondoka tena.

Ulikuwa mwaka ule ule tulipohamia hapa. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa penye shamba lake, mtu na jirani yake wakasikiana kwa kupiga kelele. Kisha tukaambiwa tukae pamoja, karibu na reli, tuwe na shule, bomba na shamba la ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mstari. Nilijikuta katikati ya watu ambao sikuwafahamu, ambao nao hawakunifahamu ila kwa jambo moja, kwamba nimezika wawili na wa tatu nimepokonywa. Hivyo ndivyo walivyolisema: nimepokonywa.

Shamba la ujamaa lilikuwa la tumbaku, na tumbaku unaijua inavyokula kuni. Mabani, yale mabanda ya kukaushia, yalimaliza miyombo ya upande ule wa stesheni kama moto wa kiangazi. Ndipo wakubwa wa misitu wakaamua kijiji kiwe na miti yake ya kuni, tena miti inayokua haraka, ile misindano yenye majani kama sindano za kushonea. Kitalu kikafunguliwa kando ya tangi la maji. Tukaletewa Bwana Miti, kijana kutoka nyanda za juu za kusini, Joramu kwa jina, mwenye kaptura ya kaki na haya ya mtu asiyejua Kinyamwezi. Wakatafutwa wanawake wawili wa kufanya kazi chini yake. Mmoja alikuwa mimi. Wa pili alikuwa Mwajuma, unayemwita Mama Mdogo, binti wa fundi seremala wa mjini Tabora aliyeolewa huku, ambaye mpaka leo huamini kwamba kijiji chochote nje ya mji ni pori lililochongwa.

Nilikwenda kitaluni kwa furaha ya ajabu. Sijui kama utaielewa. Mtu aliyeambiwa mkono wake haukuzi, akapewa kazi ya kukuza.

Joramu alikuja na debe lenye miche kadhaa iliyokwisha kukua, ya kutuonyesha mfano. Tuliipanda mbele ya ofisi yake ikafa kwa jua, maana aliipanda mahali ambapo angeiona akiwa mezani. Udongo uliobaki ndani ya debe nilisikitika kuutupa, ulikuwa mweusi na mwepesi. Nikaumimina kwenye viriba vya tuta moja lililokuwa karibu na tangi. Viriba, kama umesahau, ni ile mifuko ya nailoni tunayoijaza udongo na kuotesha mche mmoja mmoja. Vingine vyote tulivijaza udongo wa hapa hapa, tuliouchekecha mpaka Mwajuma akasema unafaa kuokwa mkate.

Mbegu ziliota vizuri. Kila asubuhi nilipita katikati ya matuta nikaona vichwa vidogo vya kijani vimevaa ganda la mbegu kama kofia. Nikaanza kuzungumza navyo. Usicheke.

Baada ya muda nikaona kitu katika lile tuta la karibu na tangi. Nilikuwa nang'oa magugu, kiriba kimoja kikapasuka, na ndani ya udongo mlikuwa na nyuzi nyeupe, laini kuliko pamba, zimesokotana na mizizi. Nikapasua kingine, hali ile ile. Nilijua ukungu nikiuona. Nimeuona kwenye unga, kwenye karanga, kwenye ukuta wa nyumba walimofia Kulwa na Doto. Nilisema, haya sasa, hata huku kumenifuata. Sikumwambia Joramu wala Mwajuma. Nilibeba viriba vyote vya tuta lile kwa karai, safari baada ya safari, nikavitupa jalalani nyuma ya ua, ili visiambukize vingine. Jioni nikanawa mikono kwa majivu.

Joramu alipouliza nikamwambia tuta lile limeoza. Akaniamini.

Kisha miche iliyobaki ikasimama. Haikufa, ilisimama tu, kwa urefu wa kidole. Majani yakawa ya manjano, mengine yakaingia rangi ya zambarau kama damu iliyovilia. Tuliongeza maji. Nilimwagilia hata siku za mvua, Mwajuma akanipigia kelele kwamba nitaifundisha kuogelea. Tuliweka samadi. Joramu akaagiza mbolea ya dukani, akaipima kwa kijiko kama dawa ya mtoto, na baadhi ya matuta yaliungua siku ile ile. Alikuwa akikaa ofisini kwake na vitabu vyake mpaka macho yanamwiva. Usiku na mchana nilikuwa na neno moja tu kichwani, na halikuwa neno la vitabu.

Mkutano wa kijiji uliitwa. Wageni wa serikali walikuwa wanatarajiwa kuja kutazama miti, na miti haikuwepo. Mwenyekiti alimsimamisha Joramu, naye akaeleza kwa ukweli kwamba hajui sababu. Hapo mzee mmoja aliyekuwa na bani kubwa akasimama upande wa wanaume. Hakunitaja jina.

"Bwana Miti," alisema, "wewe ni mgeni, hutuelewi. Umechukua kazi ya kukuza ukampa mtu ambaye mkono wake haukuzi. Sisi wote hapa tunajua amekuza nini mpaka leo."

Niliangalia ardhi. Nilikuwa nimekwisha kukubali, mwanangu, hilo ndilo baya kuliko maneno yake. Nilikuwa nakusanya kanga yangu nisimame niondoke.

Mwajuma akasimama kabla yangu. Hata ruhusa ya kusema hakuomba.

"Baba, shikamoo. Matuta ya kulia anamwagilia Mama Shija. Ya kushoto namwagilia mimi, na mimi nina watoto watano wanene wanaokula mahindi yako wakipita njiani. Ya kulia yamesimama. Ya kushoto nayo yamesimama. Sasa nieleze, huo mkono wake unafikaje kushoto?"

Watu wakacheka. Hata mwenyekiti alicheka, akasema kazi iendelee mpaka mwisho wa mvua, halafu itaonekana. Nilitoka pale bila kumshukuru Mwajuma. Nilichelewa sana kumshukuru. Nilikuwa na hasira naye, kwa sababu alikuwa amenitetea katika jambo ambalo mimi mwenyewe nilikwisha kulitolea hukumu.

Siku iliyofuata Joramu alituambia tuondoe miche iliyoungua kwa mbolea. Nikajaza karai, nikazunguka ua kwenda jalalani. Majani ya maboga yalikuwa yametambaa kila mahali kwa ajili ya mvua. Nikayasogeza kwa mguu ili nipate pa kumwaga, na chini yake nikaona kijani.

Ilikuwa ile miche yangu. Imelala ubavu, viriba vimepasuka, mingine imeinama kisha ikajipinda kuelekea juu. Hakuna aliyeimwagilia wala kuisemesha. Ilikuwa na urefu wa mkono mpaka kiwiko, na majani yake yalikuwa ya kijani kizito, kijani cha mtu mwenye afya.

Niliita. Mwajuma akaja mbio akidhani ni nyoka.

"Nani amekuja kupanda huku?" akauliza.

"Hakuna aliyepanda. Ndiyo ile niliyoitupa."

"Ile iliyooza?"

"Ile iliyooza."

Tulimwita Joramu. Alichuchumaa kwenye takataka na kaptura yake safi. Nikamweleza yote, udongo wa debe, nyuzi nyeupe, karai, majivu. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akachimba mche mmoja kwa vidole vyake, polepole, akautia kwenye ndoo ya maji, akautikisa. Akamtuma Mwajuma alete mmoja wa kitaluni, akaufanya vivyo hivyo. Akailaza yote miwili juu ya jani la boga.

Mizizi ya ule wa kitaluni ilikuwa mirefu, myembamba, mitupu kama uzi uliofumuliwa. Mizizi ya ule wa jalalani ilikuwa mifupi na minene, imegawanyika ncha zake kama uma, na juu yake kulikuwa na kitu kama soksi nyeupe.

"Chuoni walituchorea hii ubaoni," alisema. "Kwa macho yangu sijawahi kuiona."

"Ni ugonjwa gani?" nikauliza.

"Si ugonjwa, mama. Ni kuvu, ndugu yake uyoga. Inakaa na mzizi. Mzizi hauwezi kufika mbali, lakini hizi nyuzi zinafika, zinapenya hata pale ambapo mzizi hauwezi kupita. Zinaleta maji na chumvi za ardhini. Mti nao unatengeneza sukari kwenye majani, unaishusha chini, unazilisha hizi nyuzi. Wanalishana."

"Na ukizitoa?"

Akatazama kitalu kilichosimama nyuma yetu.

Mimi sikuridhika. Nilimuuliza kama ni hivyo, mbona miyombo yetu imejaa uyoga kila mvua, na udongo tulioweka ulikuwa wa hapa hapa. Akasema twende tuone. Tulitoka ua, tukafika chini ya myombo mmoja uliokuwa umenusurika kwa kuwa ulikuwa na mzinga wa nyuki. Uyoga ulikuwa umechomoza, ule mwekundu tunaoula na karanga. Akachimba taratibu kutoka kwenye shina la uyoga, akafuata uzi mpaka kwenye mzizi wa mti. Soksi ile ile. Tangu utoto wangu nimechuma uyoga chini ya miyombo na sikuwahi kujiuliza kwa nini hauoti katikati ya shamba la mtama.

"Lakini huu ni wa myombo," Joramu akasema. "Misindano imetoka mbali. Nadhani kuvu ya hapa haiielewi misindano, au misindano haiielewi kuvu ya hapa. Inahitaji kuvu yake, na hiyo ilikuja ndani ya lile debe."

Hakutaka tushangilie mapema. Alichukua udongo wa chini ya miche ya jalalani, akaufikicha, akaugawa kwa kijiko katika viriba vya nusu ya tuta. "Kama hamira," alisema Mwajuma, na jina likakaa, mpaka leo kitaluni wanauita hamira. Nusu ya pili hakuigusa. Akanikabidhi mimi tuta lote nilimwagilie sawasawa, kwa mkono huo huo mmoja.

Nilingoja. Sijawahi kungoja kitu hivyo, ila kuzaa. Mwanzo hakukuwa na tofauti. Kisha asubuhi moja ncha za nusu ile ziliacha zambarau. Zikawa kijani, kwanza mche mmoja, halafu wa jirani yake, rangi ikatambaa kama maji kwenye kitambaa. Nusu ya pili ilibaki kidole kile kile. Mwajuma alinishika bega.

Joramu akaagiza magunia ya udongo kutoka kwenye msitu mkubwa wa misindano uliokuwa kwao. Yalipofika stesheni, mkuu wa stesheni alifungua gunia moja kwa sababu hakuamini alichosoma. Alicheka mpaka akakaa. "Nchi yote hii ya Unyamwezi imejaa udongo," alisema, "na nyinyi mnaupakia kwenye gari la moshi!" Tuliyabeba vichwani, kijiji kizima kikitutazama. Yule mzee wa bani hakuwahi kuniomba radhi. Siku miche ilipogawiwa alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na nilimchagulia iliyo mizuri, kwa sababu ilikuwa kazi yangu.

Huko uendako, Shija, watakuletea mama mwenye mtoto aliyekonda, na nyuma yake watakuja watu ambao wanajua tayari kosa ni la nani. Kuhusu dawa sina cha kukufundisha. Nakuomba tu uketi naye kidogo kabla hujaandika chochote, maana huenda yeye mwenyewe ndiye aliyekwisha kujihukumu kuliko wote. Mimi nilikuwa hivyo. Nilitupa kitu kilichokuwa kinaokoa, kwa sababu kilifanana na nilichokiogopa, na hakuna aliyenilazimisha.

Sasa nikuambie jinsi nilivyokuja kukuchukua.

Nilipanda gari mpaka Tabora, nikatembea kwenda Kwihara kwa ile njia ya zamani ya misafara, na kichwani nilikuwa na mche mmoja wa msindano katika kiriba chake, mrefu, wa kijani. Njiani niliipanga hotuba yangu. Nitauweka mbele ya mama mkwe, nitasema, tazama mkono wangu. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani.

Bibi yako alikuwa anabangua karanga kibarazani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema." Nikauweka mche mbele yake, nikamhadithia yote, kitalu, jalala, hamira, magunia. Alisikiliza, vidole vinabangua. Nilipomaliza aliugusa mche mara moja.

"Mti mzuri," akasema. "Lakini mti ni mti, Mama Shija. Mtoto ni mtoto."

Hotuba yangu yote ikaishia hapo. Nilikaa nikiangalia ule mche, na polepole nikaona kwamba amesema kweli. Mimi sikuukuza. Niliutupa, na ukakua. Mkono wangu haukuwa na kosa katika ile iliyosimama, na haukuwa na sifa katika hii iliyokua. Nilikuwa nimetembea njia nzima nikibeba ushahidi wa kesi ambayo haikuwepo.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Basi sikuja kwa sababu ya mti. Nimekuja kumchukua mwanangu kwa sababu ni mwanangu."

Aliacha kubangua. Nilidhani atakasirika.

"Mimi nilizika wanne," alisema. "Wanne, kabla ya baba yake Shija. Hakuna aliyenitajia habari ya mkono. Unajua kwa nini? Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kufa. Angekuwepo, angesema." Akapuliza maganda ya karanga kwenye ungo. "Kaa kwanza. Mtoto akuzoee."

Ulitokea nyuma ya nyumba na kikopo mkononi. Ulikuwa umenenepa, Shija. Miguu imejaa, magoti yana vumbi. Bibi yako alikuwa amekulea vizuri, na ilinichoma na kunifurahisha kwa wakati mmoja. Ukaniona, ukakimbilia nyuma yake, ukajificha kwenye kanga yake ukisema, "Mayu, mayu," kama watoto wote wa huku wanavyowaita mama zao. Ulikuwa unamwita yeye.

Nilikaa mpaka palizi ya karanga ikaisha. Nililima naye, nikateka maji, nikapika. Sikukushika kwa nguvu hata mara moja. Ulikuwa unanizunguka kwa mbali kama kuku anayemzunguka mgeni. Siku moja ulichukua kiazi mkononi mwangu, ukakimbia nacho. Siku nyingine ulikaa ukanitazama nikisuka ukili, ukaniuliza mimi ni nani. Nikakuambia mimi ndiye niliyekuzaa. Ukafikiri, ukasema, "Hapana," ukaenda kucheza.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimekwisha kuamua kurudi peke yangu kama utalia. Bibi yako alikuogesha, akakupaka mafuta, akakuita. Akanigeuza mgongo kama mtu anayegeuza gunia, akakuweka juu yangu, akakaza kanga kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Aliifunga mwenyewe, fundo juu ya fundo.

"Amekuwa mzito," alisema nyuma yangu. "Inama kidogo ukitembea."

Hakutoka kutusindikiza. Tulipofika kwenye miembe ya mwisho niligeuka nikaona mlango umefungwa mchana kweupe.

Ulilia mpaka Tabora. Ulilia stesheni, ukalia ndani ya gari, abiria wakanitazama kana kwamba nimekuiba. Hapa nyumbani hukulia tena, ila hukuniita chochote. Ukitaka maji ulisema "maji". Ukitaka chakula ulivuta gauni. Baba yako ulimwita baba tangu siku ya kwanza, kwa sababu alikulambisha asali, na nilimwonea wivu mpaka nikakosa adabu. Nilikupeleka kitaluni kila siku kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Ulicheza kati ya matuta, miche imekuzidi urefu kidogo tu. Sikukuambia uniite. Sijui nilipata wapi subira ile, maana kwa kawaida sina.

Asubuhi moja nilikuwa namwagilia tuta la mwisho. Wewe ulikuwa unang'oa majani ya msindano mmoja mmoja, unayapanga chini. Joramu akakuona, akakukemea, si kwa ukali.

"We Shija! Acha kunyonyoa mti!"

Ukasimama, mikono kiunoni, tumbo mbele. Ukamwambia Bwana Miti wa serikali:

"Nitakusema kwa mama."

Joramu akaniangalia. Nikageukia tuta, nikaendelea kumwagilia, ingawa pale palikuwa pamekwisha kulowa, na maji yakajaa, yakapita kwenye viriba, yakafika miguuni pangu.

Nenda salama.

Mimi mama yako.